Fundi bustani kalipwa apande miti, kazika viriba

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mkasa wenyewe kwa utaratibu, kwa sababu wengi wenu mnaojenga huku Madale, Goba, Bunju na Kigamboni mtakutana na mafundi wa aina hii wanaojiita wataalamu wa kupendezesha mazingira.

Tulikubaliana mwezi Machi, kabla masika hayajakolea. Fundi alifika nyumbani, akaupima uwanja kwa hatua za miguu, akanionyesha kwenye simu picha za bustani alizodai ni kazi zake, kisha akanipa orodha: miembe ya kubebesha (yaani iliyoungwa kikonyo, kijiti cha mwembe wa aina bora) upande wa nyuma, miashoki kando ya ukuta, bogenvilia getini, iksora kwenye njia ya kuingilia, na ukoka sehemu yote iliyobaki. Ndani ya orodha hiyohiyo aliweka samadi na lori la udongo wenye rutuba. Bei yake haikuwa ndogo, nami sikuipunguza hata shilingi, kwa kuwa nilitaka mtu anayeijua miti. Akaomba sehemu kubwa ya fedha itangulie ili akachukue miche kitaluni, nikampa. Masika yote yakapita akiniambia yuko saiti nyingine, na alipojitokeza mvua zilikuwa zimekatika na ardhi imeanza kukauka. Akasema msimu si hoja ilimradi bomba linatoa maji.

Msimu ni hoja. Mche unaopandwa masika yanapoanza hupata kati ya Machi na Mei muda wa kushusha mizizi kabla ya kiangazi, ilhali unaopandwa Juni hubaki ukitegemea ndoo hadi vuli ianze, yaani mwezi Oktoba mambo yakienda vizuri. Si kwa bahati kwamba Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa Aprili 1. Mtu anayeuza utaalamu wa miti hawezi kudai kuwa hajui jambo hilo, na kama alilijua, basi aliamua tangu mwanzo kwamba hasara itakuwa yangu.

Hata hivyo, suala la msimu ningelimeza. Nisilolimeza ni nililoliona baadaye. Miembe ilianza kukauka kuanzia ncha za majani, ikapukutika, ingawa ilikuwa ikimwagiliwa asubuhi na jioni. Kijana anayenisaidia kazi za nyumbani akachimbua mmoja ili tuangalie kama ni mchwa. Hakukuwa na mchwa. Mche ulitoka mzima mzima ukiwa bado ndani ya kiriba chake cheusi cha nailoni, kimechanwa mdomoni tu ili kisionekane kwa juu, na mizizi imejisokota humo ndani ikizunguka na kurudi ilikotoka, huku maji tuliyokuwa tunamwaga kwa bidii yote hiyo yakituama chini ya kiriba na kuozesha ile michache iliyokuwa bado hai. Tukachimbua wa pili, tukachimbua wa tatu, hali ni hiyohiyo. Mashimo yenyewe yalikuwa na kimo cha kiriba na si zaidi, yamechimbwa kwenye kifusi cha ujenzi, kokoto na mabaki ya saruji, wala hakukuwa na dalili ya samadi wala ya udongo nilioulipia.

Kwa faida ya atakayeajiri fundi kesho: shimo la mti wa matunda halipungui sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo wa juu hutengwa na ule wa chini, ukachanganywa na samadi iliyoiva, kiriba huchanwa na kuondolewa chote bila kuvunja bonge la udongo, mche husimamishwa kwa usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, kisha huwekewa matandazo bila kuligusa shina. Kijana wa kitaluni, ambaye hajawahi kujiita mtaalamu wa chochote, anayajua yote haya.

Tulipoisafisha ile miche iliyokufa tukagundua jambo jingine. Niliahidiwa miembe ya Kent na Tommy iliyobebeshwa. Mche uliobebeshwa huwa na kovu shinani, mahali kikonyo kilipounganishwa, na kovu hilo huonekana wazi katika umri huo. Mashina yangu yalikuwa laini kutoka juu hadi chini. Ni miche ya mbegu, ambayo ingenichukua miaka mingi zaidi ya ile mitatu au minne ya mche uliobebeshwa, na mwishowe isingenipa Kent wala Tommy, kwa kuwa aina hizo hazirudii mama yake zikioteshwa kwa mbegu. Kwa maneno mengine, hata kama ingepona, bado ningekuwa nimeibiwa.

Iksora nazo zimekuwa za manjano, jambo la kawaida kwa ua hilo likipandwa kwenye udongo wenye chokaa ya saruji. Ukoka umeshika kwa mabaka.

Kilichostawi ni kile nisichokiagiza. Miashoki eti iliisha kitaluni, akaleta fikasi bila kuniuliza na kuzipanda hatua chache kutoka shimo la majitaka, wakati inajulikana kwamba mizizi ya fikasi hufuata unyevu, huingia kwenye mabomba na kuinua sakafu za nje. Hizo zinanawiri ajabu, na nadhani hata kiriba hakikuzizuia.

Nilipompigia simu alinijibu, "Bosi, mimi nimeshapanda, mti ni kiumbe, unaweza kufa." Nilipomtumia picha za viriba akasema vijana wake ndio waliofanya kosa, kana kwamba vijana hao niliwaajiri mimi. Tangu hapo hapokei simu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimwita, akaahidi kufika, hakufika.

Najua wapo watakaosema ningesimama naye akipanda. Ninamlipa fundi ili nisilazimike kusimama juani kukagua kila shimo, na kiriba kilichofukiwa hakionekani hata kwa aliyesimama karibu. Wengine watasema hapakuwa na mkataba. Orodha yake ipo kwenye jumbe za simu, miamala ya malipo ninayo, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba makubaliano ni batili kwa sababu tu hayakupigwa muhuri.

Ninachotaka kwake ni fedha ya miche, ya samadi na ya udongo ambao haukuletwa, na aje azing'oe fikasi zake kwa gharama yake kabla hazijafika kwenye shimo. Asipofanya hivyo nitalipeleka suala hili mbele zaidi.

Na ninyi wanajukwaa naomba msaada mmoja. Kama yupo anayemfahamu fundi bustani wa upande huu anayekubali kulipwa theluthi ya mwisho baada ya mvua za vuli, miche ikiwa imechipua, aniandikie faraghani. Niliowauliza hadi sasa wote wamekataa sharti hilo.