Mwalimu wa Kiingereza, miaka 56: nchi gani bado zinatoa kibali?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye uelewa. Nafundisha Kiingereza sekondari ya serikali hapa Tanzania, nina shahada ya ualimu, umri miaka 56, afya njema. Nataka kustaafu kwa hiari nikafundishe nje miaka michache. Matangazo mengi ya Asia yanataka watu wa miaka 22 hadi 45. Mengine hayataji umri, ila ukishatuma nakala ya pasipoti mawasiliano yanakatika. Je, kinachozuia ni sheria au ni matakwa ya mwajiri? Nchi zipi nisihangaike nazo? Pia kuna wakala anataka milioni 3.5 anipeleke China, anasema suala la umri "atalimaliza yeye". Naomba kuwasilisha.

Mkufunzi wa Zamu:
Shikamoo mwalimu. Swali lako la kwanza ndilo la msingi. Sheria ya viza haina mjadala, ikikukataa umekataliwa. Matakwa ya mwajiri yanazungumzika. Watu wanapoteza pesa kwa kuchanganya hivi viwili.

Tuanze na China. Tangu 2017 wageni wanapangwa makundi A, B na C. Mwalimu wa kawaida anaingia kundi B, na ukomo wake ni miaka 60. Ukiombewa kwa njia ya alama, wa miaka 26 hadi 45 anapata alama 15 za umri, 46 hadi 55 anapata 10, na wewe wa 56 unapata 5. Lakini kwako umri siyo hata kikwazo cha kwanza. Mwalimu wa lugha kwa kawaida anatakiwa awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ni ya kuzaliwa, kwa hiyo pasipoti ya Tanzania inakwama kabla hawajasoma tarehe yako ya kuzaliwa.

Sasa huyo wakala atamaliza nini? Tarehe imo kwenye pasipoti, na pasipoti ndiyo inayoingizwa kwenye mfumo wa kibali. Kinachofanyika mara nyingi ni kumpeleka mtu kwa viza ya biashara au ya masomo, kisha anafundisha kwa kificho. Sheria yao ya uhamiaji inatoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa kufanya kazi bila kibali, na kosa likiwa zito unawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Atakayelipa na kulala ndani ni wewe. Tafadhali usiguse kiinua mgongo chako kwa ajili ya hili.

Korea Kusini iache kabisa. Viza yao ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kimsingi ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini.

Bint Mwera:
Naongezea Thailand, maana huko Waafrika wa Mashariki wanafundisha kihalali. Unahitaji shahada, viza ya Non-B (ndiyo ya wanaokwenda kufanya kazi), kibali cha kazi, na ruhusa ya muda ya baraza lao la walimu, Khurusapha. Asiye mzawa wa lugha huombwa cheti cha mtihani wa Kiingereza, mara nyingi TOEIC alama 600 na kuendelea. Shule za serikali hufuata umri wao wa kustaafu, miaka 60, kwa hiyo lenga shule binafsi. Fanya mtihani kabla ya kuomba, usisubiri kuulizwa.

Oman waliondoa ukomo wa miaka 60 kwa wageni wa sekta binafsi Januari 2022. Hata hivyo nafasi za ualimu wanazipa kwanza raia wao, kwa hiyo tafuta vituo vya lugha na shule za kimataifa. Saudi Arabia matangazo mengi ya vyuo yanataja 60 waziwazi.

Kijiti cha Mwisho:
Mwalimu, USISTAAFU KWANZA. Hili ni muhimu kuliko yote.

Marekani kuna viza ya J-1 ya walimu. Haina ukomo wa umri, na sheria yao ya 1967 inakataza kumbagua mfanyakazi kuanzia miaka 40. Inataka uzoefu usiopungua miaka miwili, ni ya miaka 3 na inaweza kuongezwa hadi 5. Lakini kanuni inataka uwe unafundisha wakati unaomba. Asiye kazini ana mlango mwembamba tu, wa aliyemaliza shahada ya juu ndani ya miezi 12 iliyopita. Ukichukua barua ya kustaafu leo, umejifungia mwenyewe. Ukweli mwingine: wilaya nyingi zinatafuta hisabati, sayansi na elimu maalumu, Kiingereza ni kidogo. Omba mapema na uombe kwingi.

England usiitegemee. Utaratibu wa kutambua walimu wa nje uliopanuliwa 2023 ulitaja nchi tisa, Tanzania haimo.

Chaki Nyeupe:
Marahaba wote, asanteni sana. Hilo la kutostaafu sikulijua. Swali: kwenye CV nifiche umri?

Mkufunzi wa Zamu:
Usidanganye popote, fomu ya viza yenye tarehe ya uongo inaweza kukufungia nchi kwa miaka. Pale ambapo hawajauliza tarehe, usiiweke. CV iwe kurasa mbili, kazi za miaka 10 hadi 15 ya karibuni tu. "Uzoefu wa miaka 30" haumwambii mwajiri chochote. Mweleze madarasa uliyoyafundisha, matokeo ya kidato cha nne, na kama uliandaa watu kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa. Mwenye umri wako anakubalika zaidi kwenye maandalizi ya mitihani na madarasa ya watu wazima. Vituo vya watoto wadogo vinawauzia wazazi sura ya kijana. Picha iwe ya mwaka huu. Ambatisha video ya dakika 3 hadi 5 ukifundisha kwa projekta, maana hofu yao kubwa ni kwamba mzee hawezi vifaa.

Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, kiwe cha saa 120. Ukimudu, CELTA, cheti cha Cambridge cha aina hiyo hiyo, ina uzito zaidi kwa sababu ina saa 6 za kufundisha ukisimamiwa.

Bint Mwera:
Kwenye usaili wa kwanza uliza haya matatu, tena kwa maandishi: mmewahi kupata kibali kwa raia wa Tanzania aliyezidi miaka 55? Mkataba unaweza kuhuishwa nikifika 60? Bima inalipia presha na sukari? Bima ya mtu mzima ni ghali, na waajiri wengi wanakimbia hapo ingawa hawasemi. Ukianza na 57 kwa mikataba ya miaka miwili, nchi yenye ukomo wa 60 inakupa mkataba mmoja tu. Piga hesabu ya nauli na mihuri uone kama inalipa.

Hati ya polisi ichukue mwisho, ukishapata ofa, kwa sababu balozi nyingi zinataka iliyotolewa ndani ya miezi 3 au 6. Vyeti vya shule anza sasa: wakili, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi husika.

Kijiti cha Mwisho:
Na wakala yeyote mwombe leseni ya uwakala wa ajira ya Kamishna wa Kazi, kisha uihakiki mwenyewe ofisi ya kazi au TaESA (huduma za ajira za serikali) kabla ya kutoa hata shilingi.

Wakati unasubiri, fungua akaunti Preply au italki, tovuti za kufundisha lugha mtandaoni, ufundishe Kiingereza na Kiswahili. Hawana ukomo wa umri wala uraia. Preply wanachukua malipo yote ya somo la majaribio, kisha asilimia 33 inayoshuka hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. Kwa Kiswahili wewe ndiye mzawa wa lugha, bei panga mwenyewe.

Chaki Nyeupe:
Wakala nimeshamjibu kwamba sitaki. Barua ya kustaafu naisimamisha. Bint Mwera, kituo cha TOEIC cha karibu nakipataje?

Bint Mwera:
Anza na tovuti ya ETS, ndio wenye mtihani, wanaorodhesha wawakilishi wao kwa kila nchi. Ukikosa cha karibu, ulizia shule unayoiomba kama wanakubali IELTS, maana hiyo inafanyika Dar.