Mashine ya espresso nyumbani: izimwe ukishakunywa, au iachwe ikiwaka kutwa? Na LUKU ya kuchangia je?

Mleta mada, Forest ya Zamani, Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Ubishi huu ulianzia uani kwetu, nimeuleta hapa kwa sababu naona watu wengi siku hizi wananunua hizi mashine za mtumba, na wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga zenye mita moja.

Yangu ni ya Kiitaliano, ya zamani, ina kile kichwa kizito cha shaba, pale kahawa inapotokea, cha muundo wa E61 uliotoka mwaka 1961. Kichwa peke yake kinakaribia kilo 4. Aliyeniuzia alinipa sharti moja tu: usiizime. Alisema shaba ile ikipoa utasubiri nusu saa, na kila ukizima na kuwasha unaiua hita. Nikatii. Miezi mitano nimekuwa nawasha saa 12 asubuhi, nazima saa 3 usiku, kwa vikombe vitatu.

Mwezi wa sita jirani yangu wa chumba cha pili, mama mwenye watoto wawili, alinijia na karatasi ya token mkononi. Hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nina taa mbili na redio. Tunachanga sawa. Uniti zinakwenda wapi?" Nilikosa la kumjibu.

Jumapili wote wakiwa kanisani, vyumba vyao vimezimwa, nikachomoa kila kitu changu nikabakiza mashine. Saa 2 asubuhi, ikiwa imeshapata moto, mita ilisoma 23.8. Saa 6 mchana ilisoma 23.2. Sikutengeneza hata kikombe kimoja. Sasa piga hesabu kwa saa 15 za kila siku: uniti 67 kwa mwezi zinapasha shaba. Mjue kundi la D1, lile la matumizi madogo ya kaya, kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba nzima.

Msimamo wangu: izimwe. Anayepinga karibu.

Mchangiaji, Gangilonga, Iringa

Kamwene dada. Napinga, na nina sababu.

Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Kifanyie hivyo mara mbili kwa siku mwaka mzima uone viungo vitakavyoanza kuvuja. Migahawa ya kahawa haizimi mashine zake usiku, na si kwamba wenyewe hawajui bei ya umeme.

Pili, baridi yetu. Julai asubuhi hapa Iringa jiko ni kama stoo ya viazi. Nikiwasha, dakika kumi tu mshale wa presha umefika bar 1, nafurahi, natengeneza, kahawa inatoka chachu kama ndimu. Mshale unasema tayari, kichwa bado cha baridi. Kahawa ya Mbozi niliyoinunua kwa bei nzuri namwaga kwenye sinki. Huo nao ni upotevu, mbona hamuuhesabu?

Suala la jirani ni la kuelewana. Ongeza mchango wako. Mwenye friji je, mnamwambia azime?

Fundi umeme, Uyole

Naomba niseme kama mtu ninayezifungua hizi mashine.

Kaka wa Iringa, mshale wako unakudanganya, na sababu yake haina uhusiano na kuzima. Boila, yaani chungu cha ndani kinachochemsha maji, ikipoa hewa inaingia. Ukiwasha asubuhi ile hewa inabanwa humo juu ya maji, presha inapanda kabla maji hayajafika kwenye joto lake. Dawa yake: mashine ikianza kupata moto, fungua kidogo bomba la mvuke, lile la kupashia maziwa, uiache ipumue. Kwanza itatoka hewa na matone, halafu mvuke mkavu wa kuvuma. Hapo funga. Mshale utaanguka, uache upande tena. Sasa ndiyo presha ya kweli. Mpini, ule unaobeba kichujio cha kahawa, uwe umeshafungwa kichwani tangu mwanzo, nao upate moto.

Kichwa cha shaba nusu saa ni lazima, hapo muuzaji alisema kweli. Ila kabla ya kugusa swichi tazama tanki la maji. Hita zilizoungua nilizoletewa, karibu zote ziliwaka pakavu. Na nyingi ziliwaka pakavu hivi: umeme umekatika saa 4, mwenye nyumba ameenda Mwanjelwa sokoni, swichi ameiacha imewashwa. Umeme unarudi saa 8, tena kwa kishindo, mashine inaamka yenyewe, tanki halina maji, na hakuna mtu nyumbani. Mashine nyingine zina kinga ya kukata moto, za zamani nyingi hazina, au aliyekuwa nayo kabla yako ameiunga waya moja kwa moja. Kwa umeme wetu, anayeacha swichi imewashwa na kutoka anacheza na nyumba ya watu. Hata kile kifaa cha kulinda friji hakijui kama tanki ni tupu.

Kuhusu viungo kuvuja: mpira wa kichwa unaokauka unakaushwa na saa nyingi za moto. Nimeutoa kwenye mashine zisizozimwa ukiwa mgumu, unavunjika vipande kama biskuti. Hiyo migahawa inaubadilisha mara kwa mara, wana fundi wao.

Kinachoua mashine za nyumbani ni kuzima ovyo. Ukizima tu ukaenda zako, mvuke ndani unageuka maji, nafasi inabaki tupu, na boila inaanza kuvuta kutoka nje. Itavuta wapi? Kwenye bomba la mvuke, lenye maziwa ya asubuhi. Nilifungua moja hapa Uyole, harufu iliyotoka ni ya mtindi uliosahaulika. Kwa hiyo ukimaliza maziwa, papo hapo pulizia mvuke sekunde mbili tatu, ufute bomba kwa kitambaa kibichi kabla hayajagandia. Toa mpini, pitisha maji kichwani mpaka yatoke meupe, sugua mpira kwa brashi. Zima. Kisha fungua mvuke utoke mpaka mshale ulale sifuri. Mpini usiubane tena, uegeshe tu, mpira upumzike. Mwaga trei. Chomoa kwenye soketi.

Mchangiaji, Vwawa

Sisi tunaoilima hiyo Arabica nyumbani tunachemsha kwenye birika. Lakini nitauliza kwa nia njema: kwa nini nyumba ya mita moja iwe na boila? Kuna mashine ndogo zinazopasha maji yakipita kwenye bati la moto, dakika moja mbili tayari. Mwenye boila kubwa awe na mita yake.

Mleta mada

Fundi, ndaga fijo. Hilo la hewa sikulijua, nimelijaribu leo asubuhi na mshale kweli ulianguka karibu nusu.

Naongeza moja kwa ndugu zangu wa nyanda za juu. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kwa hizi mashine ambazo maji ya kahawa yanapita kwenye bomba ndani ya boila, ukipitisha maji kichwani mwanzoni yanatoka yakiruka na kufoka. Yakitulia tu, yameshuka hadi 94, na kahawa inataka 90 hadi 96. Mtu wa Dar yakitulia bado ana 100. Milima imetupa kipimajoto cha bure. Kaka, mpini ukiwa na moto na maji yametulia, uchachu utakwisha hata ukiwasha saa 11 alfajiri ya Julai.

Sasa nawasha mara mbili, asubuhi na alasiri, kama dakika 50 kila mara. Mita inasoma karibu robo tatu ya uniti kwa siku. Mwezi mzima haifiki 23.

Mchangiaji, Gangilonga, Iringa

La hewa nimekubali, na la maziwa limenitisha, kesho nafungua boila. Lakini hujajibu la friji. Ukishusha hadi 23 bado jirani mwenye taa mbili anakulipia. Kuzima kumepunguza deni tu.

Mleta mada

Ni kweli, na wa Vwawa naye amelisema. Nimezungumza na mwenye nyumba, fundi atafunga mita ndogo ya ndani kwenye laini ya chumba changu, gharama yangu. Zile uniti za miezi mitano nimemwandikia mama hesabu yake, nitakuwa nanunua token mimi mpaka ziishe. Wenye friji na pasi kwenye nyumba za kuchangia, ninyi mmepangaje?