Naomba ushauri: pikipiki inalala uani, niilinde vipi isiibwe?

Muuza Maziwa, Uyole
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina Boxer ninayoitumia asubuhi kupeleka maziwa Mwanjelwa na mchana kubeba abiria. Usiku inalala uani, kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, ambapo geti halifungwi mpaka wa mwisho arudi. Wiki iliyopita jirani aliamka akakuta yake haipo, ingawa usukani alikuwa ameufunga kwa ufunguo. Mimi bado nina marejesho ya miezi saba. Ninunue kufuli gani, na je, GPS, kile kifaa cha kuonyesha chombo kilipo, inafaa kwa pikipiki?

Fundi wa Mafiati
Pole, ndugu. Kufuli la usukani usilitegemee peke yake, kwa kuwa mtu mwenye nguvu huuzungusha usukani kwa kishindo kimoja, kile kichuma kidogo cha ndani kikakatika, kisha akachomoa soketi ya swichi na kuunganisha nyaya. Nimeletewa pikipiki zilizopatikana zikiwa katika hali hiyo. Kama yako ina breki za ngoma mbele na nyuma, kufuli la diski, lile linalobanwa kwenye sahani ya breki, halina pa kukaa. Nunua mnyororo mnene, uupitishe kwenye gurudumu la nyuma na fremu, halafu uufunge kwenye pete ya chuma iliyojengewa ndani ya zege. Usiuache ulale sakafuni, maana hapo mwizi hupata pa kuegemeza mkasi wa kukatia vyuma, au huupiga nyundo mpaka ukatike. Baada ya hapo fundi umeme akufungie swichi ya siri inayokata moto wa plagi, mahali unapopajua wewe tu.

Mama Bodaboda, Ipogolo
Nina pikipiki mbili barabarani, na zote zina GPS. Inafaa, lakini ina masharti yake: hutumia laini ya simu, kwa hiyo salio likiisha inanyamaza, na yangu iliwahi kunyamaza siku mbili bila mimi kujua. Chagua yenye betri yake ya ndani, kwa sababu mwizi akishachomoa betri ya pikipiki, isiyo na ya kwake huzimika papo hapo. Jambo jingine, mwanangu, ni ufunguo: ukipeleka pikipiki kuoshwa, baki nao mfukoni.

Dereva wa Tunduma
Ikiibwa, kumbuka kwamba kutoka Mbeya mpaka huku mpakani mwa Zambia, ambako mwizi anaweza kuivusha, ni kilomita 100 hivi, na usiku ni mwendo wa kama saa mbili tu, kwa hiyo usipoteze muda kuizungukia mitaani kwanza. Nenda polisi mara moja. Namba ya usajili hung'olewa mapema, ndiyo maana ni muhimu uwe na picha ya namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pamoja na ya injini. Kadi halisi ya pikipiki isikae chini ya siti, kwani ukiiacha humo umemkabidhi mwizi karatasi za kuuzia. Kagua pia bima yako: bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine, hailipi pikipiki iliyoibwa.

Muuza Maziwa, Uyole
Nawashukuru sana. Kadi ilikuwa chini ya siti, nimeitoa sasa hivi. Mwenye nyumba amekubali nijengee pete chini ya dirisha la chumba changu, na saruji nitanunua kesho nikitoka Mwanjelwa. Fundi, je, zege liachwe siku ngapi kabla sijaanza kufungia mnyororo?

Fundi wa Mafiati
Liache siku saba, na ulimwagilie maji kila siku. Kwa sasa iingize ndani ulale nayo, ila funga koki ya mafuta kwanza.