Miaka 12 nafungua gari za Wajapani, sasa naenda kwao. Nijue nini?

Fundi_wa_Grogan
Habari zenu wadau. Niko na kaduka ka spea huku Kirinyaga Road, Grogan kwa wenye mji, na mkate wangu wote umetoka kwa gari za Japani. Sasa shemeji yangu tunayeagiza naye injini amesema safari hii twende wote, mwezi wa tatu, wiki tatu, tunashuka Narita halafu Yokohama na Nagoya. Visa iko jikoni. Shida yangu ni hivi, sitaki kuona yadi tu nirudi. Nimeishi na vitu vya hawa watu na siwajui hata kidogo. Nikifungua gari napata risiti ya petroli, napata kile kihirizi cha kitambaa kimening'inizwa kwa kioo, siku moja nikapata kiatu cha mtoto chini ya kiti, cha mguu mmoja, nikajiuliza huyu alikuwa wa nani. Kwa hivyo mnisaidie, mtu anafanya nini asiaibike kule, na anawezaje kuona wanavyoishi kwa ukweli, si kupiga picha na mlima Fuji na kwenda. Na ile sauti ya mama inaongea nikiwasha Probox, husema nini? Amenisalimia miaka 12.

BintiSouthB
😂😂 Pole kaka, hajawahi kukusalimia. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni ile mashine ya kulipia barabara, kama vile kwa Expressway yetu, yule mama anakukumbusha tu ulipe.

Anza na lugha wiki mbili tatu kabla uende. Mimi niko mwaka wa pili najifunza na nakwambia matamshi yao ni kama yetu, a e i o u zilezile, na karibu kila silabi inaishia na irabu, ukisoma Yokohama, Nagoya, Hiroshima unasoma tu kama Kiswahili. Waingereza wanateseka hapo, sisi tunateleza. Ila chunga maneno, "nani" kwao ni "nini", na kuna mkoa huko Kyushu umeitwa jina la dubu ambao siwezi kuuandika hapa, admin atanifungia. Kusoma ndio kazi, kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zinazofundishwa mpaka sekondari ni 2,136. Jifunze zile herufi za katakana tu, za kuandikia maneno ya kigeni, hazifiki 50, na maneno mengi ya gari utayasoma.

kicheko254
Huo mkoa nimegoogle. Wueh.

Wa_Sendai
Buda nimekaa Sendai miaka mitatu nikisoma, acha nikwambie vile niliona.

Kwanza viatu. Mlangoni kwa nyumba kuna kasehemu kameshuka chini kidogo, hapo ndipo viatu vinabaki, na usikanyage hapo na soksi halafu uingie ndani, umeleta uchafu wa nje. Unapewa slipa. Ukienda choo kuna slipa ZINGINE za choo peke yake, na mimi siku ya kwanza nilitoka na za choo mpaka sebuleni kwa mwalimu wangu, mke wake akaangalia miguu yangu, akanyamaza, akaniletea zingine. Hakuna mtu aliongea. Hiyo kunyamaza ndiyo itakumaliza kule, heri mtu akutusi kama kondakta wa Eastleigh ujue umekosea wapi.

Takataka sasa. Huku tunafunga kila kitu kwa karatasi moja, yaani mfuko, tunaweka nje. Kule kuna siku ya zinazochomwa, siku ya plastiki, siku ya chupa na makopo, na kila mji uko na kalenda yake. Wiki yangu ya pili nikaweka karatasi yangu usiku, asubuhi gari ikachukua za watu wote ikaacha yangu imebandikwa stika, peke yake hapo barabarani kama mtoto amefukuzwa shule. Jirani yangu, shosho mmoja hivi, akanigongea na ile karatasi mkononi. Akaifungua, akatoa chupa ya chai, akatoa kifuniko, akachambua ile lebo kwa kucha, akaziweka tatu tofauti, akaniangalia kama nimeelewa. Tulikuwa hatuelewani neno lakini siku hiyo nilijifunza kuliko darasani. Baada ya hapo akawa ananiletea persimoni za mti wake, na mimi nampelekea chapati. Kwa hivyo ukiuliza wanaishi vipi, jibu langu ni wanaishi hivyo, kila mtu anabeba kakitu kake kadogo ili jirani asisumbuke. Ndio maana gari lako linakuja na karisiti kamekunjwa vizuri: mapipa ya barabarani ni machache sana, tangu ile gesi ya sumu ya treni za Tokyo 1995 mengi yaliondolewa, mtu anarudi na taka zake nyumbani ama zinabaki kwa gari.

Na wanauza gari bado nzuri kwa sababu kuna ukaguzi, wanauita shaken, gari mpya baada ya miaka mitatu halafu kila miaka miwili, na ni pesa si mchezo. Mjini pia hununui gari mpaka polisi wakupe cheti kwamba uko na mahali pa kulipaki. Hebu fikiria hiyo sheria Nairobi.

Tetemeko litakukuta, hata kama ni kadogo. Mimi nilikuwa kantini, simu zote zikalia pamoja mlio mmoja mbaya, nikashika njia mpaka nje mbio. Kurudi, watu wanaendelea na tambi zao. Na hao ni watu wa Sendai, walioona tsunami ya Machi 2011.

Chakula usiogope, ila usisimamishe vijiti kwa bakuli la wali, hiyo ni ya msiba. Tambi unazivuta kwa sauti, hakuna shida. Natto, ile soya iliyochachushwa, jaribu mara moja ukasimulie watoto. Na usibebe nyama wala soseji kutoka huku, wanakamata uwanja wa ndege.

Mzee_wa_Safari
Nimebeba wageni Wajapani kwenda Mara miaka mingi. Saa mbili kwao maana yake mbili kasorobo amesimama na begi lake. Na kwa vile unaenda kibiashara, kijana wangu, jua hawa watu hawapendi kukwambia hapana usoni. Akivuta pumzi kwa meno akasema "chotto…" halafu asimalizie, hiyo ni hapana, usibembeleze bei tena. Kadi yako ya biashara itoe kwa mikono miwili na yake usiitie mfukoni papo hapo. Tipu hawataki, mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie.

kicheko254
Hamjamwambia kuhusu kuoga 😂

Fundi_wa_Grogan
Kuoga kumefanya nini tena

Wa_Sendai
Onsen, maji ya moto ya kutoka ardhini. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, unaoga kwanza na sabuni ukiwa umekaa kwa kistuli, unajisuuza vizuri ndio uingie. Bila nguo kabisa, hata kaptura hapana.

Fundi_wa_Grogan
Na SHEMEJI?? Mimi na huyu mtu hata singleti hajawahi niona nayo. Aende peke yake.

Wa_Sendai
Mahali pengi kuna bwawa dogo la kukodi mwenyewe, uliza. Ama uende usiku akiwa amelala.

Fundi_wa_Grogan
Afadhali. Asanteni sana nimeandika yote. Swali la mwisho, zile hirizi za kitambaa niko nazo karibu thelathini kwa mkebe wa Kimbo, huwa naogopa kutupa. Ni za nini hasa? Nimeweka picha ya moja hapo chini, ya bluu.

BintiSouthB
Zinaitwa omamori, hizo za gari ni za kuombea safari isiwe na ajali. Usiifungue ndani. Kwa kawaida baada ya mwaka mtu huirudisha pale alipoipata, inachomwa kwa heshima, anachukua nyingine. Hiyo yako nimeizoom, imeandikwa Naritasan. Ni hekalu kubwa la Kibudha, watu hupeleka magari huko yaombewe, na liko mji huohuo wa Narita mnashukia.

Fundi_wa_Grogan
Wacha! Basi ya bluu inarudi kwao siku ya kwanza. Hizo zingine naleta picha kesho nikifungua duka, unisomee.