Mrejesho: Ukaguzi wa dampo na usalama wa kisima kilicho chini yake, Arusha

Ndugu zangu, kabla ya masika niliuliza namna ya kutambua kama dampo linaloendelea kutumika, lililo juu ya mtaa wetu pembezoni mwa Arusha, linachafua kisima chetu kifupi. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri uliosaidia zaidi ni wa kukagua mara baada ya mvua kubwa, tukiwa na afisa afya, na kuchukua sampuli siku hiyo hiyo kutoka kisima kilicho juu ya dampo na kilicho chini yake ili zilinganishwe. Kloraidi na amonia, ambazo ni dalili za maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka, zilikutwa kwa wingi zaidi katika kisima cha chini, ilhali floraidi haikutofautiana. Aliyetutahadharisha kwamba floraidi nyingi katika maji ya huku hutokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru, wala si taka, alitusaidia sana. Mfereji wa kuyaepusha maji ya mvua yasiingie dampo ulikuwa umeziba, hivyo mvua ilipita katikati ya taka na kuteremka ikiwa nyeusi. Sasa umezibuliwa.

Ombi la kufunika taka kwa udongo kila siku halijafanikiwa, kwani udongo huletwa kwa kusuasua, na bwawa linalopokea maji ya taka bado halina tandiko la kuyazuia yasipenye ardhini. Hilo linanisikitisha, maana mfereji pekee hauzuii kinachozama chini. Kwa sasa maji ya kisima cha chini hatuyanywi wala kuyapikia, na tutapima tena baada ya vuli.