Kuuza sarafu za zamani mtandaoni: bei iwekwe wazi au "njoo inboksi"?

Senti_ya_Tundu
Wakuu habari za wakati huu. Naomba tulijadili hili maana naona linatugombanisha bure. Mi nakusanya sarafu za zamani, za Mjerumani na zile za Afrika Mashariki za Mwingereza, nikiwa nazo mbili zinazofanana moja naiuza. Juzi kwenye grupu la watsapu nikaweka senti kumi ya 1936, ile yenye jina la Edward VIII, picha mbele na nyuma na bei chini yake, elfu tano. Basi nikafuatwa inboksi na mdau mmoja kaja juu kweli kweli, eti nimemharibia biashara, kuna mteja alikuwa anamuuzia hiyohiyo laki na nusu akimwambia ni adimu kwa sababu huyo mfalme hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Kutomaliza mwaka ni kweli, Januari mpaka Desemba 1936 basi, lakini zile senti zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina tu, kwahiyo hawakusubiri picha yake wakazigonga mamilioni. Mpaka leo zimejaa.

Nauliza kwa nia njema kabisa, ni kukosa adabu kuweka bei wazi wakati unajua kuna mwenzako kwenye grupu hilohilo anauza ghali? Na ikishauzwa, bei inafutwa au inabaki?

Mzee_wa_Rupia
Hujakosea chochote mkuu, bei weka. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" ndo inatuulia hii kitu. Kijana mpya akiingia anakuta picha kibao hazina bei hata moja, anajifunzia wapi? Anaenda kugugo, anakutana na rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ile ya tembo na mlima kwa nyuma, iliyotengenezwa 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita meli za Mjerumani hazifiki tena, anaona imeuzwa mnadani kwa maelfu ya dola, halafu yeye mkononi ana heller 20, sarafu ndogo ya Mjerumani, ya shaba ya Tabora hiyohiyo mwaka huohuo, ina herufi T, ina rangi ya njano, anaamini kashika utajiri. Za tembo zilitoka elfu kumi na sita hivi, hizo za heller 20 zilipita milioni. Mtu kama huyo humweleweshi kwa maneno, ila akikuta heller 20 zimeuzwa na bei zimeachwa palepale anaelewa mwenyewe.

Kuhusu kufuta, usifute. Andika IMEUZWA na bei iache, tena iwe ile iliyolipwa siyo uliyoanza nayo. Hiyo ndo katalogi yetu, maana za kwenye Numista, ile tovuti ya sarafu, na vitabu vya Wamarekani hazikuambii sarafu inaenda shingapi Tanga. Ila bei bila hali ya sarafu haina maana, watu wanazisugua kwa ndimu na chumvi mpaka zinang'aa kama kijiko, maandishi yamelika, halafu wanataka bei ya ile ambayo haijaguswa. Piga picha juani, pande zote mbili.

dalali_mpole
Tuheshimiane wakuu, tunaoficha bei siyo wote matapeli. Mi sarafu nazifuata vijijini kwa nauli yangu na kuna safari narudi mikono mitupu. Sasa yule mama aliyeniuzia kopo zima, mjukuu wake yuko kwenye magrupu hayahaya, akiona ile rupia naiuza mara nne, nikirudi kule napokelewaje? Na usalama je, ukiandika bei kubwa hadharani na namba yako ipo, mtaa mzima unajua ndani kwako kuna mzigo. Ndugu nao hawakuachi.

Mswahili_Muscat
@dalali_mpole la usalama nakuunga mkono, sarafu ya dhahabu au ya mamilioni andika "bei maelewano" hakuna atakayekulaumu. Lakini la mama silikubali. Kama bei unayouzia haiwezi kuonwa na aliyekuuzia basi tatizo liko kwenye ulichomlipa. Mara nne si kosa lenyewe, una nauli, una zile mbovu zilizojaa kwenye kopo ambazo hazitauzika, mwambie hivyo kabla hujaondoka, mwambie mama hii moja ni nzuri nitaiuza ghali kuliko hizi, nakuongezea. Watu wazima wanaelewa biashara. Kinachowauma ni kuja kuyasikia kwa mjukuu.

Na mimi lipo linaloniuma, bei ya inboksi inafuata namba ya simu. Niliulizia pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria, ile ya shaba yenye mizani, kwa namba yangu ya Oman nikaambiwa elfu themanini. Ndugu yangu wa Unguja akaulizia hiyohiyo kwa mtu huyohuyo, elfu kumi na tano. Bei ingekuwa wazi mambo hayo yangetoka wapi?

Sarafu254
Huku Kenya ni vilevile. Ile 40 bob ya 2003 yenye sura ya Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, kila saa kuna mtu anaiposti na "bei inbox", ukimfuata anaitisha maelfu. Lakini adabu iko pande zote mbili, sisi wengine pia tusiingie kwa posti ya mtu kutangaza "mimi nimeipata nusu ya hiyo". Kama bei ni ya kudanganya watu mfuate kando umwambie kwanza, akikataa weka yako na bei yako kwa posti yako mwenyewe. Ndiyo vile Senti amefanya, sioni ubaya.

Senti_ya_Tundu
Nashukuru sana wakuu, hasa hilo la mama limenigusa. Mi naona sasa hivi panapohitaji bei wazi zaidi ni kwenye noti. Tangu Benki Kuu (BoT) iondoe zile za 1985 mpaka 2003, mwisho wa kubadilisha ilikuwa tarehe 5 Aprili 2025, kila aliyebaki nayo kabatini anaiita adimu na wanunuzi wapya wanaumia. Swali la mwisho, mnunuzi akiomba alicholipa kisionekane?

Mzee_wa_Rupia
Mheshimu, andika IMEUZWA basi, hela ni yake. Jina lake usilitaje hata kama hajaomba, na skrinshoti za mtu akipunguziwa bei zisirushwe kwenye grupu, nimeona urafiki mzuri ukivunjika kwa hizo. Kuhusu noti uko sahihi kabisa. Jioni naposti za shilingi 20 zenye sura ya Mwinyi, UNC (mpya ambazo hazijatumika) na zilizochakaa pembeni kwa pembeni, bei ya kila moja chini yake. Wenye nazo wekeni za kwenu hapohapo.