Dalali amefuta kiti alichokalia mama mkwe wangu. Wakuu, AMEFUTA KITI!

Baba Watatu

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi msinisahihishe leo.

Jina silitaji. Mnamjua. Yule wa yadi ya magari, wa miwani ya jua mpaka saa mbili usiku, anayeita kila mtu "bosi" dakika moja kabla hajamdharau. Kila gari yake ilikuwa ya mzungu, na kila mzungu alikuwa anaenda nayo kanisani tu. Kwa idadi ya wazungu wa huyu bwana, Ulaya ingekuwa imebaki na mbwa.

Leo amefuta kiti alichokalia mama mkwe wangu. Kwa kitambaa cha njano. Mimi nipo, mke wangu yupo, wanangu watatu wapo.

Tunatafuta gari ya familia. Kila Desemba tunapanda Marangu, na nimechoka kukaa nyuma ya lori kuanzia Segera hadi Mombo navizia nafasi ya kupita huku mke wangu anasali kwa sauti. Nikasema safari hii nanunua chuma chenye nguvu na chenye hadhi, watoto wapande kitu. Kuna watu wanasema magari hayo ni ya mabachela. Uongo mtupu. Chukua Porsche Cayenne Turbo ya kizazi cha kwanza, ile iliyoingia sokoni 2002. V8 ya lita 4.5, tabo mbili, nguvu za farasi 450, inagonga kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.6. Sawa. Lakini ndiyo hiyo hiyo yenye milango minne, siti ya nyuma ya watu watatu, buti ya lita 540, na zile zenye shokapu za upepo zinainuka mpaka sentimita 27 kutoka ardhini. Mimi nakaa Goba ndani ndani. Mvua ikipiga, hizo sentimita nazihitaji kuliko bachela yeyote wa Masaki.

Huyo dalali anayo moja, nyeusi, ya 2005, usajili wa herufi D. Nimeisoma gari hiyo mpaka mke wangu akawa anauliza naongea na nani usiku. Nikafika pale na swali moja. MOJA. "Ndugu yangu, yale mabomba ya maji ya kupoza injini yaliyo chini ya manifoldi, yameshabadilishwa kuwa ya aluminiamu au bado ya plastiki?"

Akavua miwani. Akanitazama kuanzia kandambili za mwanangu mdogo, akapanda taratibu mpaka kwenye kilemba cha mama mkwe aliyekuwa ameingia siti ya nyuma kuonja ngozi. Akasema: "Bosi, wanunuzi wa gari hii hawaulizi plastiki. Na huwa hawaji na ukoo."

Hapo bado nilikuwa nimevumilia, wallahi. Mama mkwe akasikia, akashuka polepole, maana magoti yanamsumbua. Hajamaliza kushusha mguu wa pili, huyu mtu akachomoa kitambaa mfuko wa nyuma, akapita PEMBENI YAKE, akafuta kiti. Akafuta na pale alipokuwa ameshika mlango. Huku ananiangalia mimi.

Mwanangu wa mwisho akauliza, "Baba, bibi amechafua?"

Nijibu nini, wakuu? Nijibu nini mimi?

Kapuku Halisi

Pole sana mkuu. Ila nimehesabu: wewe, mama, watoto watatu, mama mkwe. Watu sita. Cayenne ina siti tano. Bibi alikuwa aende Marangu kwenye buti ya lita 540?

Mangi Mdogo

Hahahaaa lita 540, bibi anaenea na ndizi zake.

Baba Watatu

Kapuku, sijaja hapa kuhesabiwa siti. Mama mkwe amekuja kwa matibabu ya magoti, atarudi kwake. Nazungumzia KITAMBAA. Mtu mzima aliyemzaa mke wangu anafutiwa kiti kama amemwaga uji.

Mama Kayanza

Hii imeniuma mpaka tumboni. Alivaaje mama wa watu?

Baba Watatu

Kitenge kipya, dada. Kipya! Kilishonwa Jumatano. Alikivaa kwa ajili ya kuja kuona gari.

Spana 14

Mimi ni fundi, niseme la haki kwanza. Swali la mkuu ni swali la mtu aliyesoma. Ile V8 ya 4.5 mabomba yake ya maji yalitoka kiwandani ya plastiki, yamelala katikati ya injini chini ya manifoldi, sehemu yenye joto kali. Joto linayakausha, yanapasuka, maji yanamwagikia stata iliyo hapo hapo chini. Ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima na dawa yake ni mabomba ya aluminiamu. Uliza pia beringi ya katikati ya shafti ya propela, ikifa utasikia gari inagonga chini ya miguu. Na injini ikiwa ya baridi asubuhi isikilize kwa makini, kama inagonga tik tik tik upande mmoja, silinda zimechubuka. Ondoka, usiage.

Dalali asiyejua hayo hajui anachouza. Dalali anayejua akakuletea kitambaa, huyo anakuficha kitu.

Baba Watatu

ASANTE Spana. Umeona? Nilikuwa na haki! Na hata ningeuliza upuuzi, kiti ukifute mwenye kukalia akiwa bado ameshika mlango?

Mzee wa Prado

Vijana hamsikii. Gari ya familia ni Prado. Betri ukifungua boneti unaiona. Hiyo Cayenne ya kwanza betri imefichwa chini ya kiti cha mbele, siku ikizima pale Korogwe utawashusha watoto wote, utang'oa kiti, wapita njia watadhani unahama nyumba. Na tairi la spea linakuja limekunjwa, mpaka ulijaze upepo kwanza.

Baba Watatu

Mzee shikamoo. Ila Prado yako na kitambaa vinahusianaje?

Mzee wa Prado

Marahaba. Kwenye Prado bibi yako asingefutiwa kiti. Ningemwachia na thermos yangu ya chai.

Msoma Mita

Tanki la Cayenne ni lita 100, na kwa vipimo vya kiwandani vyenyewe hiyo Turbo inakunywa zaidi ya lita 15 kwa kilomita 100. Hivyo ni vipimo vya maabara. Weka foleni ya Mwenge na kiyoyozi cha watu sita. EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi utakuwa unaisikiliza redio umeshika kichwa. Dalali amekuokoa, kamnunulie soda.

Baba Watatu

Soda?! Nimnunulie soda aliyeniambia nimekuja na UKOO?

Mangi Mdogo

Mkuu ukifika Marangu na hiyo Turbo Desemba utahesabiwa mara mbili, wewe na gari. Ila farasi 450 utawaachia wapi? Ina uwezo wa kilomita 266 kwa saa, na kuanzia Same mpaka Himo kila kijiji kibao cha 50, askari na tochi ya kupima mwendo yuko nyuma ya mti. Faini elfu thelathini, elfu thelathini, elfu thelathini. Utafika kwa mguu.

Dada wa Tegeta

Mnacheka, lakini mimi nawaambia hao watu wa yadi wote dawa yao moja. Nilikwenda na pesa yangu, ya kwangu, nimeifanyia kazi, natafuta SUV ya kupelekea watoto shule. Kijana ananiuliza, "Shemeji yuko wapi tuzungumze bei?" Nikamwambia ninayenunua ni mimi. Akanionyesha kioo cha kujipodolea kwenye kinga ya jua. Nimeuliza kuhusu gia boksi, ananionyesha KIOO.

Mama Kayanza

Kinga ya jua! Mimi walinionyesha pa kuweka pochi.

Shangazi Mkali

Mimi wamempigia mume wangu simu nikiwa nimesimama hapo hapo wamuulize kama ni kweli nimetumwa. Tuanze na hili, hili ndilo kubwa.

Baba Watatu

Dada zangu nawaunga mkono, ila ninyi mlionyeshwa vioo. Mama mkwe wangu alifutiwa kiti. Hamjaona tofauti? Angalau kioo ni kitu mtu anapewa aangalie.

Dada wa Tegeta

Sijapenda hilo jibu hata kidogo.

Mwana Nairobi

Salaam kutoka huku. Kwetu hiyo ya 2005 haishuki hata bandarini Mombasa, sheria ni miaka minane basi. Lakini dalali ni dalali. Huku kila gari ilikuwa ya daktari. Nimeonyeshwa magari mengi ya madaktari nikajiuliza hospitali wanabaki nani.

Karani wa Bandari

Wanaotaka kukwepa yadi na kuagiza wenyewe, pigeni hesabu kwanza. Ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari ikizidi miaka kumi, ushuru wa uchakavu asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 juu ya rundo lote hilo. Kwa kizee cha 2005 utajikuta umelipia gari mbili, umepata moja. Ndiyo maana huyo wa kitambaa ana kiburi. Yake imeshalipiwa.

Spana 14

Mkuu Baba Watatu, kwa watu sita kuna njia. Cayenne, Volkswagen Touareg na Audi Q7 ya kwanza zimejengwa juu ya msingi mmoja, na bodi zao zinatoka kiwanda kimoja, Bratislava kule Slovakia. Q7 ndiyo ndefu, zipo za siti saba. Zaidi ya hapo, viti vya watoto vitatu kwa mstari mmoja kwenye Cayenne havikai, vyuma vya kufungia viko pembeni kulia na kushoto tu. Wa katikati atabanwa mpaka apate alama. Chukua Q7, bibi akae siti ya tatu.

Baba Watatu

Mama mkwe wangu SITI YA TATU? Spana, nilikuheshimu. Mtu ametoka kufutiwa kiti unataka nimkunje nyuma na masanduku?

Kapuku Halisi

Akiwa siti ya tatu dalali hafikii kumfuta.

Mangi Mdogo

😂😂😂 Kapuku una dhambi.

Baba Watatu

Endeleeni kucheka. Nataka kujua jambo moja tu, mnijibu kama watu wazima: kitambaa kilikuwa mfukoni tangu asubuhi au alikiweka alipotuona? Maana kama alikiweka alipotuona, naondoka sasa hivi narudi pale.

Msoma Mita

Mkuu pumzika. Yadi imefungwa saa hizi.

Mzee wa Prado

Na matairi mmeyasahau. Mengine ya hayo yanavaa rimu za inchi 20, mpira wenyewe mwembamba, shimo moja la Madale unanunua rimu.

Mtoto wa Goba

Mzee usitaje Madale, taja Goba kwetu. Greda limepita juzi, likachonga, likaacha mawe yote katikati. Nimepasua mawili kwa wiki moja na gari yangu ni ya kawaida kabisa.

Shangazi Mkali

Goba mna greda? Sisi Kinyerezi tunalisikia kwa majirani.

Chuma cha Kiingereza

Ngojeni niwaambie mateso, acheni mashimo. Mimi nina SUV ya kifahari, jina nalihifadhi. Asubuhi naikuta imelala chini, tumbo linagusa lami. Kompresa ya shokapu za upepo imekufa. Nikampa fundi, yule mfupi wa ovaroli la bluu, mnamjua, akaichomoa akasema anaipeleka kupima. Gari bado imelala hapa. Kompresa imekwenda kupimwa tangu kabla ya Pasaka.

Msoma Mita

Subiri. Mfupi, anaongea kwa upole, anasema "kesho saa nne kamili"?

Chuma cha Kiingereza

HUYO HUYO. Kesho saa nne kamili!

Mama Kayanza

Jamani huyo ana saiti mira yangu ya kushoto. Alisema anaenda kulinganisha rangi.

Dada wa Tegeta

Ana redio yangu na funguo ya akiba. FUNGUO!

Baba Watatu

Wakuu, tafadhali, turudi kwenye kitambaa.

Mtoto wa Goba

Ovaroli la bluu, meno ya mbele yana mwanya? Ana jeki yangu. Jeki, wakuu, hata si ya kutengeneza, aliazima.

Spana 14

Mnatuchafulia jina mafundi wote kwa sababu ya mtu mmoja. Na mimi ana seti yangu ya soketi.

Shangazi Mkali

Namba yake ya zamani haipatikani. Nani ana mpya? Anayeijua aiweke hapa hapa, kesho saa nne kamili twende wote.